Kiunganishi cha Mifumo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Mada iliyotolewa kwa wafanyabiashara, wasafirishaji, mawakala wa forodha na viongozi wa vyama vya ushirika, Tunduma, mkoani Songwe



Tunafahamu kwamba katika mji huu lori linaposimama fedha nayo inasimama, kwa hiyo hatutazunguka. Tumekuja kuzungumzia bidhaa isiyoonekana kwa macho. Haina uzito, haina tarehe ya kuisha muda wake, wala huwezi kuigeuza mkononi ukaikagua kabla ya kulipa. Hata hivyo wengi wenu mmekwisha kuilipia, na wengine mnafikiria kuilipia. Bidhaa hiyo ni kiunganishi cha mifumo ya kompyuta kinachotengenezwa kwa agizo la mteja.

Kiunganishi ni nini?

Tuanze na jambo mnalolifahamu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na inayopita hapa Tunduma kuelekea Nakonde hadi Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Tofauti yake ni milimita 67, yaani vidole vinne hivi vya mkono. Kwa tofauti hiyo ndogo, behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine. Ndiyo maana kule Kidatu, mkoani Morogoro, pakawekwa kituo cha kuhamishia mizigo. Mzigo hushushwa kutoka reli moja na kupakiwa kwenye nyingine, na mwenye busara huhesabu pande zote mbili, kwa kuwa gunia likipungua katikati hakuna behewa litakaloeleza lilikokwenda.

Mifumo ya kompyuta nayo ina upana wake. Programu ya kuandikia safari za malori hupanga taarifa kwa namna yake, programu ya mahesabu kwa namna nyingine, na taarifa ya malipo ya simu kwa namna ya tatu. Kiunganishi ni kipande cha programu kinachochukua taarifa upande mmoja, kikaigeuza ifuate mpangilio wa upande wa pili, kisha kikaikabidhi. Ndicho Kidatu ya kompyuta.

Zipo programu za kuunganishia taarifa zinazokuja na vipande vingi vilivyo tayari: cha kusoma faili, cha kusoma kanzidata, cha kutuma ujumbe. Mojawapo ni Apache NiFi, iliyoanzia katika shirika la usalama la Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2014. Lakini watengenezaji wa programu hizo hawakuwa na habari za daftari la mizani la chama cha ushirika cha kahawa huko Mbozi, wala za karatasi ya safari ambayo dereva wa Tunduma huijaza kwa kalamu akiwa amesimama mlangoni mwa lori. Hapo ndipo mtaalamu huombwa atengeneze kipande cha pekee na kukipachika ndani ya programu iliyopo. Kipande hicho ndicho tunachokizungumzia leo.

Serikali nayo imelazimika kufanya kazi ya namna hii. Mamlaka ya Serikali Mtandao inao mfumo wa GovESB, ambao kazi yake ni kuziwezesha taasisi za umma kubadilishana taarifa bila kila taasisi kujenga njia yake peke yake. Mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, nao huunganisha taasisi zinazodai na benki na kampuni za simu zinazopokea, na ndio unaokupa ile namba ya kumbukumbu ya malipo mnayoiita kontroo namba. Kwa hiyo kuunganisha mifumo si jambo la kuogopa. Ni jambo la kulinunua kwa macho mawili.

Kwa nini tunalizungumza Tunduma?

Tunalizungumza hapa kwa sababu hapa ndipo mifumo hukutana. Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, ili maofisa wa nchi zote mbili wahudumie msafiri na mzigo mahali pamoja. Majengo yalikaribiana, lakini mifumo ya kompyuta ilibaki miwili. Forodha ya Tanzania hutumia TANCIS, ulioanza kazi mwaka 2014. Forodha ya Zambia hutumia ASYCUDAWorld, programu iliyotengenezwa na UNCTAD. Katikati yuko wakala au msafirishaji mwenye jedwali lake la kompyuta, kitabu chake cha fedha, mashine yake ya kutolea risiti za kikodi, na simu tatu mezani. Ni mtu huyo anayemwita kijana mjuzi na kumwambia, “Niunganishie vitu hivi visemezane.”

Kisa cha karani

Tumepata ridhaa ya kusimulia kisa kimoja bila kutaja jina la mtu wala la kampuni.

Msafirishaji mmoja alikuwa na programu ya simu ambayo madereva wake walitumia kuandika safari. Dereva alibonyeza alipoondoka yadi ya Tunduma, na akabonyeza tena alipoingia yadi ya Nakonde. Kwa upande mwingine, karani wa ofisi aliandika katika programu ya mahesabu fedha za njiani alizompa kila dereva. Mwenye mali alitaka vitu viwili hivyo vilingane vyenyewe, akamlipa mtaalamu atengeneze kiunganishi. Kilitengenezwa, kikajaribiwa kwa safari tatu, kikafanya kazi, na malipo yakakamilishwa siku hiyo hiyo.

Baada ya miezi miwili hesabu zilionyesha kwamba karani ametoa fedha za njiani kwa safari ambazo hazikuwapo. Hazikuwa nyingi kwa siku, lakini zilijirudia. Karani alisema safari zile zilifanyika. Madereva walisema zilifanyika. Kompyuta ilisema hazikufanyika. Kompyuta ndiyo iliyoaminiwa, na karani akaondolewa kazini. Alikuwa mama mwenye miaka kadhaa katika ofisi ile, na katika mji ambao kila mwenye malori anamjua mwenzake, habari ilimtangulia kila alipokwenda kuomba kazi.

Aliyegundua ukweli hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa dereva, na aliuliza swali moja: “Mbona safari zinazopotea ni zile ambazo hakukuwa na foleni?”

Ndugu wananchi, nyote mnajua kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ya dereva ilipovuka na kushika mtandao wa Nakonde ilijirekebisha yenyewe ikafuata saa za Zambia. Dereva aliyeondoka Tunduma saa tisa na dakika ishirini alasiri, akatumia dakika arobaini, alifika Nakonde simu yake ikionyesha saa tisa kamili. Kwa mujibu wa simu, alikuwa amefika dakika ishirini kabla hajaondoka. Mtengenezaji wa kiunganishi alikuwa ameweka kanuni yenye nia njema: safari ambayo saa ya kufika inatangulia saa ya kuondoka ni kosa, na itupwe. Kiunganishi kiliitupa kimya kimya, bila kuandika popote. Siku za foleni, lori lilipokaa zaidi ya saa moja, hesabu zilikuwa sawa. Siku ambazo njia ilikuwa wazi na kila mtu amefurahi, safari zilitoweka.

Programu ya simu haikuwa na kosa, programu ya mahesabu haikuwa na kosa, na karani hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye makabidhiano.

Makosa ya makabidhiano

Msidhani jambo hili huwapata watu wa mpakani tu. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipokuwa kikiwasili kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ya ardhini ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni, na nyingine ilizipokea kana kwamba ni nyutoni. Makubaliano ya maandishi yalikuwapo na yalitaka nyutoni. Lakini makabidhiano yenyewe hayakupimwa inavyopasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Katika mazingira yetu, makosa ya namna hiyo yana sura zinazojulikana, na ni vizuri mnunuzi azijue kabla hajaketi na fundi.

La kwanza ni saa, kama tulivyosimulia. Kila tukio liandikwe pamoja na nchi ambayo saa yake imetumika. Tena kumbukeni kwamba karani wetu akiandika “saa tatu” kwa desturi ya Kiswahili, kompyuta inaweza kuielewa kuwa ni usiku wa manane.

La pili ni namba ndefu. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Programu ya jedwali kama Excel, ikiichukulia kuwa ni namba ya kuhesabia, huhifadhi tarakimu 15 za mwanzo tu na kuzigeuza zilizobaki kuwa sifuri. Wateja wawili tofauti wanaweza kugeuka kuwa mtu mmoja. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mwanzo, na mteja wa Nakonde mwenye 260 akachanganywa na wa Tunduma mwenye 255. Namba za namna hii hazijumlishwi wala hazitolewi, kwa hiyo zihifadhiwe kama maandishi.

La tatu ni fedha. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika sarafu yake, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Mwenye kumbukumbu za kabla na baada ya siku hiyo akiziunganisha bila kuzitenganisha, atapata hesabu ya ajabu. Hata leo, kiasi cha fedha kinachosafiri bila jina la sarafu yake ni hatari. Elfu tano ya shilingi na elfu tano ya kwacha ni vitu viwili vilivyo mbali sana.

La nne ni kipimo. Gunia, debe na kilo si kitu kimoja, na gunia la mahindi si gunia la kahawa. Kiunganishi kisichojua tofauti hiyo kitajumlisha mahindi ya Momba na kahawa ya Mbozi bila haya.

La tano ni kurudia. Mtandao unapokatika katikati, kiunganishi hutuma taarifa, hakipati jibu, kisha hutuma tena. Kama upande wa pili uliipokea mara ya kwanza, malipo yameandikwa mara mbili. Dawa yake inajulikana na wataalamu wote: kila muamala uwe na namba yake ya pekee, na upande unaopokea ukiona namba ileile tena, ujibu “nimekwisha kuipokea” badala ya kuandika upya.

Mambo ya kudai kabla ya kulipa

Ndugu zetu, hatuwatumi mkawe wahandisi. Tunawaomba mdai mambo machache yanayoweza kukaguliwa na mtu yeyote anayejua kusoma na kuhesabu.

Dai maelezo ya maandishi kwa Kiswahili chepesi. Yaseme taarifa gani inatoka wapi, inakwenda wapi, inageuzwa vipi, na ni taarifa gani itakataliwa. Fundi asiyeweza kukueleza kwa ukurasa mmoja kile anachotengeneza, huenda naye hakijui bado.

Dai kapu la zilizokataliwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kiunganishi kina haki ya kukataa taarifa yenye kasoro, lakini hakina haki ya kuitupa. Kila kilichokataliwa kiwekwe mahali panapoonekana, pamoja na sababu yake, na mtu wa ofisi apitie kapu hilo kila siku. Kama kapu hilo lingekuwapo, safari za yule msafirishaji zingeonekana siku ya kwanza, na karani angekuwa bado kazini kwake.

Dai hesabu ya pande mbili. Kila jioni kiunganishi kiseme: zimeingia ngapi, zimekabidhiwa ngapi, zimekataliwa ngapi. Mbili za mwisho zikijumlishwa lazima ziwe sawa na ya kwanza. Ni hesabu ileile ya magunia ya Kidatu.

Dai jaribio la makosa. Msiridhike kuonyeshwa safari tatu zilizokwenda vizuri. Tengenezeni wenyewe orodha ya mambo magumu ya kazi yenu: lori lililovuka kwa nusu saa, malipo ya kwacha, mteja mwenye majina matatu aliyeandikwa kwa namna mbili, mtandao uliozimwa katikati ya kutuma. Mwambieni fundi ayapitishe mbele yenu. Wanaojua mambo hayo ni dereva, karani na mpima mizani wenu; waiteni wakae katika kikao hicho.

Gawanyeni malipo. Sehemu ilipwe mwanzo, sehemu baada ya jaribio, na sehemu ya mwisho baada ya muda mliokubaliana wa kutumia kiunganishi katika kazi halisi, ukiwamo mwisho wa mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi ndipo hesabu husema ukweli.

Nani mwenye kiunganishi?

Swali hili huulizwa siku ambayo fundi amehama mji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kazi za waandishi. Kwa hiyo msichukulie kwamba kwa kuwa mmelipa, basi kila kitu ni chenu. Andikeni katika mkataba: je, mnanunua programu yenyewe pamoja na maandishi yake ya asili ambayo fundi mwingine anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, au mnanunua ruhusa ya kuitumia tu? Yote mawili ni biashara halali, lakini bei zake hazipaswi kuwa sawa.

Ulizeni pia kiunganishi kimejengwa juu ya nini. Talend Open Studio ilikuwa programu ya bure iliyotumiwa na watu wengi duniani kujengea viunganishi, na wataalamu waliitengenezea vipande vingi vya pekee. Tarehe 31 Januari 2024 toleo hilo la bure lilisitishwa. Waliokuwa na maandishi ya asili na maelezo ya kazi yao waliweza kupanga kuhama kwa utulivu. Asiye na kitu ila programu inayozunguka kwenye kompyuta moja alibaki akiomba isizimike.

Jambo jingine ni funguo. Kiunganishi huhitaji majina ya siri ili kuingia katika mifumo mnayounganisha. Akaunti hizo ziandikishwe kwa jina la biashara, si kwa jina wala barua pepe ya fundi. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi yake na si zaidi, na siku kazi inapokwisha, nenosiri libadilishwe. Kufanya hivyo si kumtuhumu mtu. Hata mpangaji mwema hurudisha ufunguo anapohama.

Mipaka ya sheria

Yapo mambo ambayo hata mkataba mzuri hauwezi kuyahalalisha. Msimpe fundi nenosiri lenu la mfumo wa forodha au wa kodi ili programu yake iingie kwa kujifanya ni ninyi. Uunganishaji na mifumo ya umma hupitia milango iliyowekwa na taasisi husika, kwa kibali chake. Hali ni hiyo kwa risiti za kikodi. Tangu mashine za EFD zilipoanza mwaka 2010, hadi sasa zinapopatikana katika sura ya programu, kinachotoa risiti lazima kiwe kimeidhinishwa na TRA. Mtu akikuuzia kiunganishi “kinachopita pembeni”, anakuuzia kesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia katika mfumo bila ruhusa kuwa kosa la jinai.

Taarifa za watu nazo zina ulinzi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Hapa mpakani “nje ya nchi” ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kiunganishi kinachotuma majina, namba za simu na vitambulisho vya madereva wenu kwenye ofisi ya ng’ambo, au kwenye seva iliyo nchi nyingine, kinahusika. Mwulizeni fundi taarifa zinalala wapi usiku. Na mchukue taarifa mnazozihitaji tu: kulinganisha safari na fedha za njiani hakuhitaji namba ya kitambulisho cha mke wa dereva.

Mkumbuke vilevile kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa mahakamani kama ushahidi, na uzito wake hupimwa kwa uaminifu wa namna zilivyotengenezwa, zilivyohifadhiwa na zilivyosafirishwa. Kwa maneno mengine, mahakama inaweza kuuliza juu ya kiunganishi chenu. Mwenye kapu la zilizokataliwa na hesabu za kila jioni atakuwa na jibu.

Mambo yakiharibika

Kiunganishi kikishindwa, msianze kwa kugombana. Simamisheni kwanza kutuma taarifa mpya, wekeni nakala ya kumbukumbu zote kama zilivyo, na endeleeni kwa daftari la mkono mpaka tatizo lijulikane. Mwandikieni fundi, mkitaja tarehe, taarifa iliyoharibika na kifungu cha mkataba. Asipotekeleza alichokubali, mkataba wa maandishi ndio silaha yenu katika usuluhishi na mahakamani. Aliyeuza huduma kwa maelezo ya uongo au ya kupotosha anaweza kulalamikiwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Taarifa binafsi zikivuja au kutumiwa vibaya, mlango ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Pakiwa na wizi au uingiliaji wa mfumo, mlango ni Jeshi la Polisi. Mkibeba mlalamiko, bebeni na karatasi: mkataba, stakabadhi za malipo na yale maelezo ya ukurasa mmoja.

Nasi tunapenda kusema neno kwa vijana mnaotengeneza viunganishi hivi, kwa maana tunawaona baadhi yenu hapa. Kazi yenu ni ya heshima, na mkoa wetu, ulioanzishwa mwaka 2016, unawahitaji. Mteja anayewadai mambo tuliyoyataja hawadharau; anawapa nafasi ya kuonyesha ubora wa kazi na ya kulipwa kwa haki. Kapu la zilizokataliwa linawalinda ninyi pia, kwa kuwa linaonyesha mahali kosa lilipoanzia, na si kila kosa ni la fundi.

Kabla ya kunyoosha kidole

Ndugu Mwenyekiti, tumalizie tulikoanzia, kwa karani. Kosa lilipogunduliwa, mwenye kampuni alimwita, akamwomba radhi mbele ya madereva, na akamrudisha kazini. Tunamsifu, kwa kuwa si kila mkubwa angefanya hivyo. Kiunganishi kilirekebishwa kwa siku moja. Lakini mama yule alitueleza kwamba miezi aliyokaa nyumbani watoto wake waliulizwa maswali shuleni, na hakuna fundi anayeweza kurekebisha hilo.

Kwa sababu hiyo tunawaachia ombi moja, hata mkisahau mengine yote. Siku kompyuta itakaposema kwamba mtu wenu ameiba, kabla ya kunyoosha kidole, ulizeni kwanza taarifa zilipita wapi, nani alizigeuza, na zile zilizokataliwa ziko wapi. Kama hakuna wa kuwajibu, basi hamjapata ushahidi bado. Mmepata tofauti ya hesabu tu, na tofauti ya hesabu inaweza kuwa ni saa moja kati ya Tunduma na Nakonde.